Nyayo za Kuingia Tu

Dada yangu ni fundi wa kuta, na jina lake la kazini ni Timazi. Timazi ni kile kichuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili ukuta usiende kombo, na yeye alipewa jina hilo kwa sababu hakihitaji. Anafumba jicho moja, anainamisha kichwa kidogo, kisha anakwambia tofali lile limetoka nje unene wa ukucha. Ukibisha, unaletwa uzi, na uzi unamuunga mkono. Nyumbani ni balaa. Mkeka ukilala upande anaunyoosha nawe umeuketia. Siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe, alimwambia bwana harusi, "Shemeji, bega la kushoto limeshuka," na mpaka leo mume wangu akimsikia anakuja hujivuta bega.

Maisha yake yote hakuwahi kubomoa ukuta wake mwenyewe. Wa wenzake amebomoa, tena kwa furaha. Ndiyo maana nikitaka kumweleza mtu dada yangu ni nani, nasimulia siku moja tu, siku aliyougusa ukuta wake kwa mikono, nami nikiwa nimejifungia bafuni.

Pale tulipokuwa tukifanya kazi, zamani palikuwa pori, kati ya kilima chenye msitu na mto. Tulikata kuni humo tukiwa wasichana. Kila mtu alijua kwamba chui hupita hapo, kutoka kilimani kwenda mtoni na kurudi, na kila mtu alijua kwamba mchana hapiti. Basi tukagawana bila mkutano wowote: mchana wetu, usiku wake. Hakuwahi kula mtu. Mbwa alikula, lakini mbwa hakuna aliyewauliza.

Kisha wakaja wapimaji na vigingi vyao, yakafuata matingatinga, pori likanyolewa kipara. Zikapandishwa nyumba za kuuza, zote sura moja kama mapacha waliovalishwa na mama mvivu. Kuzunguka nyumba zote ukajengwa ukuta mrefu kupita watu wawili waliobebana, juu yake seng'enge ya miba. Upande wa kilimani ulikwisha kwanza. Mbele kukawa na geti kubwa linalotazama barabara. Upande wa mtoni, ambao ulikuwa wa dada, likabaki pengo ili toroli za mchanga zipite.

Upande wa ndani wa pengo hilo ndipo Timazi alipotandaza mchanga wake wa plasta. Mchanga wa plasta huchekechwa mpaka uwe laini kama unga, na yeye hakubali humo hata punje moja ya changarawe. Kila jioni aliusawazisha kwa ubao. Kila asubuhi alikuta nyayo juu yake, mstari wa kuingia na mstari wa kutoka.

"Redio!" alimfokea mlinzi, tuliyemwita hivyo kwa sababu hazimiki. "Mbwa wako wananichafulia mchanga!"

"Mbwa gani, fundi? Mimi mbwa wangu alipotea mwezi uliopita. Nilimwita mpaka nikakauka koo. Nikampigia hata afisa wa wanyamapori, akaniambia nifunge mbwa. Sasa nifunge mbwa yupi?"

"Basi ni wa jirani."

Kibarua mmoja aliinama, akatazama, akasema, "Mbwa huyu mbona hana kucha?" Tulicheka, tukamwambia labda amekwenda kwa msusi akakatwa. Dada hakucheka wala hakuinama. Alichukua ubao wake, akafuta, mchanga ukawa shwari. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi. Mtu mwingine angeziacha nyayo, angeziruka, angemwita mwenzake aje kutazama. Fundi mwenye wivu na kazi yake yeye huona uchafu tu.

Siku yenyewe, wageni wa kununua nyumba walikuwa waje alasiri. Msimamizi wetu alitaka wakute ukuta umefungwa pande zote. Hakuwa mtu mbaya. Alitufokea kwa sababu naye alifokewa, na kufokewa huko kulishuka ngazi hadi kutufikia sisi wa chini. Jana yake dada na wenzake walikuwa wameliinua pengo hadi kifuani mwa mtu. Asubuhi ile walikuja mapema wamalizie.

Nyayo zilikuwepo mchangani. Zilikuwa za kuingia tu.

Dada aliziona. Hakuna aliyemficha, hakuna aliyemdanganya, aliziona kwa macho yale yale yanayoona unene wa ukucha. Kulipopambazuka lori la vioo na milango lilikuwa limesimama hapo karibu, taa zinawaka, wapakuzi wanapigiana kelele, kwa hiyo aliyeingia alishindwa kutoka. Lakini dada hayo hakuyafikiria. Aliona mchanga umechafuka. Akashika ubao, akafuta, akachanganya udongo wake wa saruji, akaanza kupanga tofali. Jua lilipoanza kuelemea upande wa pili, lilikuwa limebaki tofali moja tu la juu.

Mimi kazi yangu ilikuwa usafi. Siku hiyo nilikuwa peke yangu katika nyumba ya mfano, ile ambayo wageni wangeonyeshwa, nafuta vumbi la wapaka rangi. Milango ilikuwa bado imeegemezwa ukutani nje, haijapachikwa. Bafu peke yake lilikuwa na mlango, kwa sababu msimamizi alilitumia na anajistahi.

Niliingia stoo kuchukua ndoo. Kulikuwa na maboksi ya vigae yamepangwa, na nyuma yake giza kidogo na ubaridi. Nilisikia harufu kwanza, harufu kali ya mkojo na nyama. Nikasema moyoni, wapaka rangi hawa hawana adabu. Nikasogeza boksi moja kwa mguu. Nyuma yake kulikuwa na macho.

Watu wananiuliza, ulifanya nini? Sikufanya kitu. Miguu yangu ndiyo iliyofanya. Ilirudi kinyumenyume, taratibu, hatua kwa hatua, mimi mwenyewe nikiwa sipo. Alikuwa amelala kifudifudi, masikio yamelala, na mdomo umefunguka bila sauti. Nilipofika kwenye korido niligeuka, nikaingia bafuni, nikafunga komeo. Nilipanda juu ya choo, nikakaa nimejikunyata, nikampigia dada.

"Sema haraka, nina tofali mkononi."

"Dada, kuna chui stoo."

"Na mimi nina tembo kwenye ndoo ya maji. Fagia, wageni wanakuja."

Nilistahili. Mimi ni mtu wa mzaha, na nimemtania dada tangu ananibeba mgongoni. Ukizoea kuweka chumvi nyingi, siku ukiweka kidogo hakuna anayeonja.

"Dada, haki ya mama."

Mama yetu hatuna mzaha naye, hata sisi wawili. Nilisikia tofali likiwekwa chini. Kisha nilisikia akivuta pumzi, na najua kwa hakika kwamba hapo ndipo zile nyayo zilipomrudia machoni, zote, za kila asubuhi, na za leo.

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Usikate simu. Usipige kelele. Nakuja."

Aliitia simu kwenye mfuko wa kifuani, ikiwa hewani, na yaliyofuata niliyasikia kupitia nguo yake na mapigo ya moyo wake. Nilimsikia akikimbia. Nilisikia akiwaambia wenzake, nikasikia makelele, na mara msimamizi akipaza sauti juu ya wote.

"Chukueni nondo! Tuizunguke nyumba!"

"Ngojeni, ngojeni," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza nilimpenda. "Nina namba ya yule afisa. Nampigia, ngojeni."

Afisa aliwekwa kwenye spika. Sauti yake ilikuja kwangu ikiwa imepita simu mbili, nyembamba kama ya mtu aliye kisimani. "Msimzunguke. Akizungukwa hatafuti njia, anatafuta mtu. Aliingilia wapi?"

Kisha dada akasema, "Kwangu. Kwenye pengo la mtoni. Nimelifunga leo."

"Lifungue hapo hapo. Watu wote waende upande wa geti, wakae kimya. Mimi niko mbali, nakuja, lakini msinisubiri."

"Geti liko wazi!" alisema msimamizi. "Si atoke getini?"

"Bosi, getini kuna barabara, kuna magari, na kuna sisi," dada alimwambia.

"Fundi, nisikilize. Wageni wako njiani. Nitawaambia nini, kwamba ukuta una mlango wa chui? Tumsubiri huyu afisa aje na bunduki yake ya usingizi."

"Udongo haumsubiri mtu."

Hapo alisema neno la fundi, na fundi wenzake walimwelewa. Tofali za asubuhi zilikuwa bado na udongo mbichi. Kwa saa ile mtu angeweza kuzinyanyua kwa mikono, moja moja, bila kishindo. Jioni zingekuwa zimeshika, zingetaka nyundo, na nani angepiga nyundo karibu na chui aliyetishika, huku mtu amefungiwa ndani?

"Ukiugusa ukuta ule," msimamizi alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya hofu, "kesho usirudi kazini."

"Mdogo wangu yumo ndani," dada alisema. Kisha nikasikia hatua zake tu.

Nilisikia ngazi ikiegemezwa. Nilisikia mkwaruzo wa tofali likitoka kitandani mwake, halafu kishindo kidogo cha kuwekwa mchangani, laini, kama mtu anamlaza mtoto. Kisha jingine. Fundi wenzake wawili walikuja kupokea kutoka chini, hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilisikia pumzi zake tu, na moja moja ile mikwaruzo, nami nilikuwa nikijiambia kila tofali ni langu.

Ndipo maboksi ya vigae yalipoanguka stoo.

Kilichokuja koridoni hakikuwa na sauti ya miguu. Kilikuwa na pumzi. Chini ya mlango wa bafu kulikuwa na mwanya, mwanga ukipita, na mwanga ule ukakatika. Alinusa. Alinusa kwa muda mrefu, akirudi pale pale, kama mtu anayesoma jina asilolijua. Kisha mlango ukasukumwa, si kwa nguvu, na komeo likalia.

"Mdogo wangu," simu ikasema. "Upo?"

Niliikandamiza simu tumboni. Ngurumo moja ndogo ilitoka nyuma ya mlango, sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwenye meno.

"Mdogo wangu? Nijibu."

Sikuweza. Na yeye hakujua kwa nini siwezi. Nilisikia tofali likidondoka kweli sasa, kwa kishindo, na sauti ya dada ambayo sijawahi kuisikia, hata siku tulipomzika mama, ikiniita kwa jina la utoto ambalo hakuna mwingine aliyebaki anayelijua. Niliisogeza simu mdomoni, nikaikwaruza kwa ukucha. Mara moja. Nikakwaruza tena. Akanyamaza. Alielewa. Mikwaruzo ya tofali ikaanza upya, haraka zaidi, na mimi nikalia bila kufungua mdomo.

Mwanga ukarudi chini ya mlango.

Bafu lile lina dirisha dogo linalotazama mtoni. Nilisimama juu ya choo, nikachungulia. Chui alikuwa ametoka nje. Alitembea tumbo chini, akipita pembeni mwa nyumba, akisimama kila penye kivuli, na alipopita karibu na dirisha niliona chuchu zake zimevimba na manyoya yamelowa kuzizunguka. Alikuwa jike mwenye watoto. Mimi nimenyonyesha, na ninajua maziwa yakijaa hivyo yanavyouma. Nilikuwa bado namwogopa, lakini nilitaka atoke kwa ajili yake pia.

Kisha nikatazama anakoelekea. Fundi wale wawili walikuwa wamekwisha kimbia. Dada alikuwa bado pale. Alikuwa ameshuka ngazini, ameshika tofali la mwisho la safu ya asubuhi, anahangaika nalo kwa sababu lilikuwa limeanza kushika. Chini yake ukuta ulikuwa wa jana, kifuani mwa mtu, kimo kile kile alichoruka chui alipoingia.

Sikuweza kupiga kelele, ningemgeuza chui. Nikanong'ona kwenye simu, "Dada, yuko nyuma yako."

Hakugeuka. Alilishusha tofali likamkaa kifuani, akalikumbatia, akajibandika ukutani kando ya pengo, wima, wima kabisa, kama kwamba yeye mwenyewe amepimwa. Chui akafika kwenye mchanga. Akasimama. Kati yao hapakuwa hata na nafasi ya kitanda. Akamtazama dada yangu, na dada yangu akatazama mbele kama askari wa gwaride. Mkia ukapiga huku, ukapiga huku. Kisha akajikunja, akaruka, na pengo likabaki na anga tu.

Dada alitelezesha mgongo ukutani mpaka akakaa, tofali bado liko kifuani. Wakaja wenzake, wakalitoa mikononi mwake.

Alipofika bafuni aligonga. "Fungua, mimi." Nilifungua. Alinitazama kichwani hadi miguuni, akanigeuza, akanitazama mgongoni. Kisha akaunyoosha mkono, akanirekebishia kitambaa cha kichwa. "Kimekwenda kombo," alisema, na hapo ndipo alipolia. "Niliziona," alikuwa anasema. "Asubuhi niliziona, nikafuta."

Wageni walifika wakakuta pengo. Msimamizi aliwaambia ni kwa ajili ya toroli, ingawa hakuna toroli inayoruka kimo cha kifua, nao wakaridhika, wakasifu vigae. Afisa alifika baadaye kidogo. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu vilivyochakaa, akatembea na dada ndani na nje ya ukuta hadi upande wa kilimani. Huko alimwonyesha mikwaruzo kwenye plasta, mingi, kimo cha mtu na kupita. Kumbe kila usiku chui yule aliingia kwa dada, akavuka eneo lote, akaufikia ukuta wa kilimani, akajaribu, akashindwa, akarudi kwa watoto wake mtoni. Alikuwa anataka kurudi nyumbani.

"Sasa atafanyaje?" dada aliuliza.

"Atazunguka," afisa alisema. "Ukuta lazima una mwisho mahali."

Kesho yake dada alikwenda kazini kana kwamba hakuambiwa neno. Geti halikufunguliwa. Msimamizi alitoka, akamwomba radhi kwa macho, akarudi ndani. Pengo akapewa fundi mwingine alizibe, na akaliziba kwa haraka, limetuna katikati kama shavu lenye jipu. Nilimwambia dada nikidhani atacheka. Hakulala. Nusu ya usiku alikuwa anauliza limetuna kiasi gani. Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika. Aliniokoa mimi, akamwokoa yule mama, na malipo yake ni kuuona ukuta wake una tumbo kila anapokwenda sokoni.

Sasa, huo mwisho wa ukuta. Ukitoka mtoni ukaufuata kwa nje, ukapita dampo la vifusi, unafika kona, mahali ukuta unapokata kuelekea kilimani. Pale kwenye kona pana vichochoro na nyumba za mabati zilizobanana, na ya kwanza ni yetu. Tunakaa dada, mimi, mume wangu na watoto, na uani kwetu hakuna ukuta wowote. Fundi na nyumba yake, ndivyo ilivyo.

Asubuhi moja dada alitoka kuwasha jiko, akarudi ndani bila moto. Akaniita kwa kidole. Uani, kati ya beseni na kamba ya nguo, kulikuwa na nyayo. Zilikuwa kubwa, hazina kucha. Pembeni yake kulikuwa na nyingine ndogo ndogo, jozi mbili, zinakimbiakimbia, zinarudi nyuma, zinakanyagana, kama watoto wowote wanaoambiwa wafuate mama. Zilitoka upande wa mtoni, zikapita dirisha la chumba wanamolala wanangu, zikaelekea kilimani.

Nilidhani ataziacha au atazifuta. Alisimama juu yake hadi jua likatoka. Jioni ile alikuja na ndoo ya mchanga begani, na kibarua mmoja amembebea ndoo nyingine. Alikuwa ameuchekecha. Akautandaza uani kutoka ukingo hadi ukingo, akaupitisha ubao, ukawa laini kama unga.

Ndivyo anavyofanya kila jioni sasa. Chui anapita na kurudi, usiku mwingine haji kabisa, na sisi tumejifunza kulala. Asubuhi hakuna anayetoka kabla yake, hata mume wangu mwenye bega. Tunakaa nyuma ya mlango, watoto wamebanwa na mkojo, mimi nimeshika komeo kama siku ile, tunamsikiliza anavyotembea pembeni mwa mchanga akisoma. Huwa hasemi haraka. Anahesabu za kuingia, anahesabu za kutoka, kubwa na ndogo, anarudia. Kisha tunasikia sauti yake.

"Wametoka wote. Haya, fungua."